Gari kuukuu linataka muda

Gari lililozidi miaka 8 likishushwa bandarini Dar es Salaam hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kenya kwa kawaida halipokelewi, na Uganda imeweka ukomo kwenye miaka 15. Uzee wa magari, basi, serikali zetu zinaujua vizuri, angalau siku ya kulipia. Anayeusahau ni mnunuzi. Akishakabidhiwa ufunguo, analiendesha mpaka lianze kugonga, analiacha gereji asubuhi na kulifuata jioni, kama ambavyo angefanya kwa gari jipya. Naona utaratibu huo hauyafai magari tuliyo nayo, hasa yanapougua chini, kwenye miguu na kwenye bomba la moshi. Sehemu kubwa ya kazi hizo ingefanyika vizuri zaidi nyumbani, kwa mikono ya mwenye gari, wala si kwamba anamzidi fundi ujuzi. Anamzidi muda.

Tuanze na miguu. Pengi panapokutana chuma na chuma chini ya gari pamewekwa bushi, raba iliyobanwa ndani ya pete ili imeze mshtuko. Raba huzeeka hata gari likiwa limelala, na barabara za vumbi zenye mawimbi kama bati huimalizia. Ikichanika, gari hugonga kwenye matuta, usukani huvuta upande mmoja na tairi huanza kulika ukingoni. Shida ni kwamba mlio kama huo unaweza kutoka kwenye boljointi, kwenye linki ya stebilaiza au pale juu shokapu iliposhikiliwa. Kuutafuta kunataka utulivu. Tairi likiwa hewani unalishika juu na chini ukilitikisa: likicheza, shuku boljointi au beringi. Unalishika kushoto na kulia: likicheza, tazama tairodi. Kisha unaingiza mtaimbo mfupi kando ya bushi, unausukuma taratibu huku ukimulika tochi, uone kama raba inafunguka mdomo. Fundi mwenye magari sita kwenye foleni, anayelipwa kwa alichofunga na si kwa alichogundua, ataanza na shokapu kwa sababu mara nyingi ndizo zilizokwisha. Mlio ukibaki, itafuata zamu ya kitu kingine. Simlaumu, ndivyo anavyolipwa.

Hata kitu kinachostahili kubadilishwa kikishapatikana, muda bado ndio unaoamua kitadumu kiasi gani. Chukua bolti ya bushi kwenye ule mkono wa chini unaoshika gurudumu. Mara nyingi haipaswi kukazwa mwisho tairi likiwa linaning'inia, kwa kuwa kuikaza ndiko kunakoikamata raba mahali ilipo. Ukiikaza gari likiwa juu, gari likishuka raba inakuwa imeshasokotwa kabla halijatoka uani, na kila shimo la barabarani linaisokota zaidi. Inatakiwa ikazwe uzito wa gari ukiwa umelalia magurudumu. Maana yake ni kushusha gari, kulisukuma mbele na nyuma litulie, kisha kuingiza spana mahali ambapo hata mkono haupiti vizuri. Mwenye haraka haifanyi kazi hiyo. Baada ya miezi michache bushi imekwisha, na lawama zote zinakwenda Kariakoo kwa muuza spea feki. Feki zipo, tena nyingi, lakini zinabebeshwa pia makosa yasiyo yao.

Kwenye egzosti hali ni hiyo hiyo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yanayopita bombani kama mvuke. Gari la safari fupi, la shule na sokoni, halipashi sailensa moto wa kutosha. Maji hutulia mle na kuiozesha kutoka ndani. Mwambao wetu unaongeza chumvi ya bahari kwa nje, na magari yaliyotumika Hokkaido, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, huja na kutu yake kutoka huko. Nati ya namna hiyo haitaki ubabe. Inataka brashi ya waya na mafuta ya kulainisha kutu Ijumaa jioni, mengine Jumamosi asubuhi, ndipo spana. Kwenye gereji yenye foleni itapigwa moto wa gesi au itakatwa. Au tazama zile raba zinazoning'iniza bomba: ni rahisi kuzinunua, na mara nyingi hubadilishwa kwa mkono. Moja ikikatika na kuachwa, uzito wa bomba unahamia kwenye viungo vya mbele mpaka fleksi, kile kipande cha bomba kinachonyumbulika, inachanika. Hapo wengine huchomelea bomba gumu badala ya fleksi, kelele ikakoma siku hiyo. Injini hutikisika; kitakachofuata kupasuka ni manifoldi. Na tundu likiwa mbele ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia humo, kompyuta ikadhani mafuta ni machache, ikayaongeza. Mwenye gari analipia tundu kila anapojaza tangi.

Watasema ni hatari, na hapo wana haki. Jeki kazi yake ni kunyanyua tu. Anayeingia chini ya gari aliegemeze kwenye stendi za chuma, juu ya sakafu ngumu, magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Springi ya shokapu ikibanwa ina nguvu ya kuua, kwa hiyo kuitenganisha nyumbani sikushauri mtu. Kuchomelea, vilevile, ni kazi ya mwenye mashine yake. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Lakini hatari hiyo hiyo ipo kwa anayeendesha kila siku huku bomba likivuja chini ya sakafu iliyotoboka.

Wengine watauliza mafundi watakula wapi, au mpangaji asiye na ua ataifanyia wapi kazi hii. Mpangaji ana shida ya kweli, na mwenye nyumba asiyetaka doa la oili uani naye simshangai. Hata hivyo kumulika tochi, kutikisa gurudumu na kusikiliza mvujo injini ikiwa bado baridi havihitaji ua mkubwa. Kuhusu mafundi, presi ya kutolea bushi, mashine ya alaimenti na uchomeleaji vinabaki kwao. Kinachobadilika ni namna mteja anavyoingia gereji. Yule anayesema "linagonga, angalia" atatajiwa bei ya miguu yote ya mbele. Anayefika na mkono umeshafunguliwa, ameufunga kwenye gazeti, na kuomba bushi moja ya nyuma itolewe kwa presi, atatajiwa bei ya bushi moja.