Uhuru wa Dini Yao

Inasemwa mara nyingi, hata madarasani, kwamba makoloni ya mwanzo ya Marekani yalianzishwa na watu waliotafuta uhuru wa dini. Hiyo ni nusu ya kweli. Wapuritani waliofika Massachusetts mwaka 1630 wakiongozwa na John Winthrop walitafuta uhuru wa dini yao. Ya jirani haikuwamo katika hesabu. Mwaka uliofuata walipitisha kwamba kura ni ya washirika wa kanisa pekee. Anne Hutchinson, aliyefundisha nyumbani kwake na kuwakosoa wachungaji, alishtakiwa mwaka 1637 na kufukuzwa. Mary Dyer, wa madhehebu ya Marafiki (yale yale yenye waumini wengi magharibi mwa Kenya leo), alifukuzwa, akarudi, akanyongwa Boston tarehe 1 Juni 1660. Hakuua wala hakuiba.

Wengi huwaita Wapuritani wanafiki. Sikubaliani nao. Mnafiki huikiuka kanuni yake. Hawa waliitii yao barabara. Waliamini kwamba jamii nzima ilikuwa imefunga agano na Mungu, na kwamba kosa la mmoja lingewaletea wote adhabu. Kwa mantiki hiyo, kumvumilia mpotofu ni kuuweka mji mzima hatarini. Hapo ndipo penye kutisha: walitesa kwa dhamiri safi.

Aliyewajibu vyema ni mchungaji mwenzao, Roger Williams. Alikana kwamba hakimu ana mamlaka ya kuadhibu kosa la imani, na akahoji haki ya mfalme kugawa ardhi ya wenyeji. Walimfukuza mwaka 1635. Wenyeji wakampokea, naye akaanzisha Providence mwaka 1636, mji ambao serikali yake ilishughulikia mambo ya kiraia tu. Je, alikuwa mtu wa imani legelege? La hasha! Aliwaona Marafiki kuwa wamepotoka, na mwaka 1672, akikaribia miaka sabini, alibishana nao hadharani kwa siku kadhaa. Hakutaka wafungwe. Ibada ya kulazimishwa, kwake, ilikuwa chukizo mbele za Mungu.

Ndiyo maana siwaelewi viongozi wa dini wanaodhani kwamba kuuachia dola mkono mtupu katika mambo ya imani ni kuisaliti imani yenyewe. Massachusetts ilidhani hivyo kwa muda mrefu: iliacha kuyakusanyia makanisa kodi mwaka 1833, miaka 42 baada ya katiba ya taifa kulikataza Bunge la Marekani kuanzisha dini.