Siku ya soko, siku ya sindano: Kwa nini chanjo ya watoto inakwama Kasese na Bwera

Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo na kuua watu wa familia moja waliokuwa wamefika Bwera, chanjo haikuchelewa. Ugonjwa ulithibitishwa Juni 11. Kufikia Juni 15, wahudumu wa afya walikuwa wameanza kuwachanja watu waliokutana na wagonjwa wilayani Kasese. Majokofu, magari, fedha na wataalamu vilipatikana ndani ya siku nne.

Katika kipindi hicho hicho, ugonjwa mwingine ulikuwa unaua watu wengi zaidi nchini Kongo. Mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa nchi hiyo, ulioanza Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliua watu 2,287. Surua, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 nchini humo kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ya surua imekuwepo tangu 1963, na katika nchi zote mbili mtoto huchanjwa bila malipo.

Tofauti hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kila linapozuka swali la kwa nini wazazi maskini wa mijini hawawachanji watoto wao. Jibu linalozoeleka katika ofisi za serikali ni kwamba wazazi ni wakaidi, au wamedanganywa na uvumi. Wapo wa namna hiyo. Lakini takwimu zinaonyesha kwamba tatizo kubwa liko kwingine.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo ya kifua kikuu, ambayo hutolewa mtoto anapozaliwa. Waliokuwa wamekamilisha chanjo zote za msingi walikuwa asilimia 55 tu. Mzazi anayeikataa chanjo kwa imani yake haanzi kabisa. Hawa walianza, kisha wakaacha njiani. Kwa hiyo swali la maana ni hili: nini huwakuta kati ya sindano ya kwanza na ya mwisho?

Sindano bure, siku ina bei

Baada ya kujifungua, mama nchini Uganda anatakiwa kumrudisha mtoto kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Hizo ni safari tano. Mwezi Aprili 2025 Uganda ilizindua chanjo ya malaria katika wilaya 105. Chanjo hiyo ina dozi nne, na tatu kati ya hizo hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7 na 8. Ni habari njema kwa afya, lakini kwa mama mwenye meza sokoni ni safari tatu za ziada.

Soko la Mpondwe hushamiri Jumanne na Ijumaa. Siku hizo samaki, chumvi ya Katwe, nguo na bidhaa za viwandani huvuka kwenda Kasindi, na kutoka Kongo huja mawese, kahawa, mbao na vitenge. Mfanyabiashara mdogo hufanya mauzo mengi ya wiki katika siku hizo mbili. Akizikosa, faida haimsubiri hadi kesho yake, na aliyemkopesha mzigo hasubiri pia.

Chukua mfano wa mama anayeuza samaki wa kukaushwa. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto inapoangukia Ijumaa, anapaswa kulipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, kutafuta mtu wa kumwachia bidhaa, na kukaa kwenye foleni asubuhi nzima, saa zile zile ambazo wanunuzi wa Kongo wanavuka. Sindano ni bure, lakini siku yake ina bei. Mama huyo akiahirisha hadi wiki ijayo, halafu hadi mwezi ujao, jina lake litaingia katika hesabu ya waliokataa chanjo.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Chanjo ya surua na rubela huja kwenye kichupa cha dozi 10, na ile ya kifua kikuu kwenye kichupa cha dozi 20. Kichupa kikishafunguliwa, dawa inayobaki baada ya saa sita lazima itupwe. Mhudumu anayehofia kuulizwa kuhusu dawa iliyopotea husubiri watoto wafike wa kutosha kabla ya kukifungua. Mama aliyefika peke yake huambiwa arudi siku nyingine. Amekwisha kulipa nauli na kupoteza mauzo, na mtoto anarudi nyumbani bila kuchanjwa. Si rahisi kumshawishi aje mara ya tatu.

Aibu, mume na homa ya usiku

Umaskini wa mjini una sura nyingine ambayo haionekani kwenye takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu akina mama wa Kampala ulieleza kuwa baadhi yao hawakwenda kliniki kwa sababu hawakuwa na nguo za heshima, na walijua watadhihakiwa. Wengine hawakuungwa mkono na waume zao, na kwa baadhi yao jambo hilo lilifikia kipigo. Saa za huduma hazikuendana na kazi zao. Pia walikuwepo walioamini kuwa chanjo huleta ulemavu au kifo.

Kasese si Kampala, lakini mazingira yanafanana. Ni mji uliokua kwa reli, shaba ya Kilembe na saruji ya Hima, na leo wakazi wake wengi wanaishi kwa vibarua na biashara ndogo. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2020 yaliharibu Hospitali ya Kilembe na kuziacha familia nyingi bila makazi, baadhi zikahamia kambi ya Muhokya. Familia ikipoteza nyumba, kadi ya chanjo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea, na mzazi asiyekuwa na kadi huogopa kukaripiwa mbele ya watu.

Halafu kuna homa. Mtoto akichanjwa akiwa na wiki sita anaweza kupata joto usiku huo na kulia hadi asubuhi. Ni hali ya kawaida inayopita ndani ya siku moja au mbili. Lakini mama ambaye hakuelezwa atasema sindano imemwuguza mwanawe aliyekuwa mzima, na baba atauliza ni nani aliyemtuma huko. Maelezo ya dakika mbili kliniki yangeondoa hofu hiyo, ila dakika hizo hazipatikani pale muuguzi mmoja anapohudumia foleni ndefu.

Imani haiji na gari la matangazo

Hofu hukua haraka pale ambapo serikali haiaminiki, na mpaka huu una sababu zake. Novemba 2016, zaidi ya watu 100 waliuawa mjini Kasese vikosi vya usalama vilipovamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu. Juni 2023, waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mzazi aliyepitia hayo ana sababu ya kuuliza maswali serikali inapogonga mlango ikisema imekuja kumlinda mtoto wake.

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa ngumu zaidi. Desemba 2018, wapiga kura wa Beni na Butembo waliondolewa kwenye uchaguzi wa rais, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Utafiti uliofanyika katika miji hiyo Septemba 2018, kabla hata ya uamuzi huo, ulikuwa umegundua kuwa mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Aprili 2019, daktari wa WHO kutoka Cameroon, Richard Mouzoko, aliuawa hospitalini Butembo.

Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanasikilizana lugha, wanaoana na kufanya biashara pamoja. Neno linalosemwa Butembo Jumatatu linaweza kuwa limefika soko la Mpondwe Jumanne. Swali lililoulizwa sana katika miaka ile ya Ebola halikuwa la kijinga: mbona magari na fedha huja kwa ugonjwa unaowatisha watu wa mbali, huku surua na malaria zinazotuua kila mwaka zikiachwa? Mzazi anayeuliza hivyo hapingi dawa. Anataka kujua nia ya anayeileta.

Serikali ya Uganda ilijibu kwa sheria. Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inawataka wazazi kuwachanja watoto, inadai kadi ya chanjo shuleni, na inatoa adhabu ya kifungo. Ilipokuwa inapitishwa, walengwa waliotajwa ni wafuasi wa kundi la kidini la mashariki mwa nchi linaloitwa 666, lililokataa chanjo waziwazi. Kwa kundi kama hilo, vitisho viliwafanya baadhi wajifiche na watoto wao. Kwa mama wa sokoni, sheria haimpunguzii nauli wala haifungui kichupa. Inaweza tu kumfanya aliyechelewa aogope zaidi kujitokeza.

Kinachomhusu mfanyabiashara

Huenda mfanyabiashara asiye na mtoto mdogo akaona haya hayamhusu. Lakini surua huenea kwa hewa, na virusi vyake hubaki mahali kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana wataalamu hutaka karibu asilimia 95 ya watoto wawe wamechanjwa. Soko lililojaa akina mama wenye watoto mgongoni ni mahali ambapo ugonjwa huo husambaa kwa urahisi.

Mlipuko unapotangazwa mpakani, biashara ndogo ndiyo huumia kwanza. Juni 2019, siku za soko na mikusanyiko mingine Kasese zilisitishwa kwa sababu ya Ebola. Machi 2020, Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya Covid-19. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, mwenye kapu akabaki nyumbani. Mwaka 2024, wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini Uganda walithibitishwa wilayani Kasese. Kila tukio la aina hiyo huwapa maofisa sababu mpya ya kumsimamisha mtu anayevuka kwa miguu.

Njia za kupunguza hatari hiyo hazihitaji uvumbuzi mkubwa. Ya kwanza ni kuipeleka chanjo sokoni. Agosti 2019, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na Ebola aligunduliwa katika kituo cha ukaguzi wa afya cha Mpondwe alipokuwa anavuka. Mahali palipoweza kupima joto la maelfu ya watu panaweza pia kuwa na meza ya chanjo kila Jumanne na Ijumaa. Siku hizo watoto hawatakosekana wa kumaliza kichupa, na mama hatahitaji kuacha biashara yake.

Ya pili ni kadi. Ratiba za nchi hizi mbili zinafanana katika chanjo za msingi: wiki 6, 10 na 14, kisha surua miezi 9. Mtoto aliyeanzia Kasindi anaweza kumalizia Bwera. Kikwazo ni kwamba kadi ya Kongo imeandikwa kwa Kifaransa na ya Uganda kwa Kiingereza. Kadi ya pamoja yenye Kiswahili, lugha inayotumika sokoni pande zote mbili, ingewasaidia muuguzi na mama pia.

Ya tatu ni nani anayezungumza. Timu za afya za vijiji, viongozi wa dini na vyama vya wanawake wa sokoni wanajulikana kwa majina. Mama aliyemchanja mtoto wake, akaiona homa ikija na kuondoka, husikilizwa na jirani yake kuliko kipaza sauti juu ya gari.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinazitaka nchi wanachama kushirikiana katika kudhibiti magonjwa na katika kampeni za chanjo kwa umma. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya Julai 2022, kwa hiyo kifungu hicho sasa kinafika pande zote mbili za Mto Lhubiriha. Barabara ya Kasindi hadi Beni imetafutiwa fedha na serikali ya Uganda ili mizigo ipite haraka. Afya ya wanaoisindikiza mizigo hiyo haijapewa uzito kama huo.

Muda nao umebana. Juni 2025, Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi, taasisi inayozisaidia nchi maskini kununua chanjo. Fedha zikipungua, dozi itakayotupwa na safari ya mama itakayopotea zitakuwa na gharama kubwa zaidi. Vyama vya wafanyabiashara wa Mpondwe na Kasindi vimezoea kukaa mezani na maofisa kujadili ushuru na saa za kufungua mpaka. Siku za chanjo sokoni zinaweza kuingizwa kwenye ajenda hiyo hiyo, kabla mlipuko mwingine haujasimamisha soko.