Bao na Washitaki Wake

Miongoni mwa dhana zilizoota mizizi katika vichwa vya watu wanaojiona wenye shughuli nyingi, sijui iliyodumu kwa ushahidi mchache kama ile isemayo kwamba mchezo wa ubaoni ni burudani ya watoto, na kwamba mtu mzima akionekana ameinamia mashimo na kete baada ya alasiri, basi ama hana kazi, ama anaikimbia aliyo nayo. Nimeisikia tangu ujana wangu, na juzi nimeisikia kwa mpwa wangu, aliyepita kibarazani simu mkononi, akaniamkia kwa taadhima, kisha akaniuliza kwa upole uumizao kuliko tusi, “Mjomba, bado mnacheza tu?” Nilimwitikia marahaba, nikaendelea kunamua. Jawabu lake ni hili.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Halina dado, wala halimwachii mchezaji bahati ya kuisingizia anapofungwa. Huanza kwa namua, kila mmoja akiwa na kete 22 za akiba azitiazo moja moja, na zikiisha ndipo uingiapo mtaji, ambapo mkono mmoja waweza kula, ukapanda, ukala tena, hata safu ya mbele ikageuka sura kabla mpinzani hajavuta pumzi. Mholanzi Alex de Voogt alikuja Unguja katika miaka ya 1990 kuwachunguza mafundi wa bao, na kwa utafiti huo akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden. Nasi wenye bao twaliita laghwi! Lakini linistaajabishalo mimi si hesabu. Katika sataranji kilicholiwa hutolewa, kikafa. Katika bao kete niliyoila huipanda kwangu, ikanitumikia, na punde si punde ikarudi kule ilikotoka. Kete hazina rangi wala ukoo.

Kwamba ni mchezo wa wasio na shughuli, atakayesema hivyo na akumbuke kuwa Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipouawa tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya chama chake, alikuwa akicheza bao. Sidhani yuko awezaye kumwita mzembe.

Wako pia waitao kila mchezo kamari. Kamari ni kuweka mali. Pasipo dau hapana kamari. Hata juu ya sataranji, ambayo wanavyuoni wameihitilafia sana, Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo aghalabu pwani yetu, aliiona makuruhu, hakuiharimisha.

Wengine wataniambia kuwa dunia imeendelea, bao limebaki kwa wazee. Imeendelea kwenda wapi? Huko Ujerumani tuzo ya mchezo bora wa mwaka hutolewa tangu 1979, na Klaus Teuber, fundi wa meno ya bandia, aliipata 1995 kwa mchezo wake wa Catan, ambao umekwisha kuuzwa kwa makumi ya mamilioni. Ndani yake wachezaji hubadilishana mbao, matofali, sufi ya kondoo, nafaka na mawe ya madini. Hatolewi mtu kabla ya mwisho, na asiyejua kuomba, kupatana na kukataa kwa adabu hafiki mbali. Una dado mbili, jambo ambalo mimi mtu wa bao silipendi, lakini kwa maneno yazungukayo meza ile, hiyo ni baraza kamili.

Na barazani ndipo ilipo hoja yangu. Katika mtaa nilikolelewa walikuwako wazee wawili waliogombania mpaka wa kiwanja, wasipeane salamu njiani, wala mmoja asihudhurie karamu ya mwenziwe. Ila ikifika alasiri walikaa uso kwa uso juu ya bao, wakalana kete na kutupiana vijembe, nasi watazamaji, ambao kila mmoja alijua zaidi kuliko wao, tukiwapigia kelele. Ugomvi haukwisha, kiwanja kiliamuliwa kwingine. Lakini siku mmoja wao alipougua, aliyetangulia kubisha hodi alikuwa yule mpinzani wake, na bao kwapani. Nionyesheni ni burudani gani ya kioo cha simu, ambamo watu wanne hukaa chumba kimoja kila mtu na ghaibu yake, iliyopata kumtuma mtu kwa hasimu wake. Bwana mkubwa kufungwa hadharani na kijana mvuvi, kisha akacheka na kusema, “Panga upya,” ni adabu isiyofundishwa kwa hotuba. Mwenye kuiita upotevu wa wakati hana insafu.

Basi, mpwa wangu, bao liko kibarazani na kete zimetimia. Njoo kesho baada ya alasiri, na simu uiache ndani.