Mwezi Ukipatwa, Mtoto Ajibiwe Nini?

Septemba 7, 2025, kuanzia saa mbili unusu usiku, mwezi ulikuwa mwekundu kwa dakika 82. Mtoto wa Matuga akiuliza kwa nini, "ni kazi ya Mungu, nyamaza" si jibu. Mtume mwenyewe, alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa, aliwakatalia waliohusisha mambo hayo mawili. Sasa wewe mzazi waogopa nini? Shika tochi, chungwa na ndimu: dunia ikikaa kati ya jua na mwezi, kivuli chake huufunika, na mwanga mwekundu ndio unaopindia hewani ukaufikia. Mvuvi wa Tiwi, ambaye pengine hakumaliza shule, anajua bamvua hufuata mwezi mchanga na mpevu. Sayansi hiyo! Agosti 2, 2027 jua litapatwa kabisa kule Makka. Maswali yatarudi.