Chai ya Unga na Jani Letu

Wahenga walituusia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo twataka, kwa adabu zote, kubishana kidogo na wahenga wetu, na kilichotutia katika ubishi huo ni kikombe kimoja cha chai ya kijani tulichonyweshwa Ainabkoi.

Kwa msomaji wa pwani asiyewahi kufika huko, Ainabkoi ni mahali padogo katika nyanda za juu za Eldoret, kwenye njia ya reli iendayo Uganda, si mbali na Timboroa. Ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na baridi yake hupenya kanzu na koti pamoja. Watu wake hulima ngano, mahindi na viazi, lakini zaidi ya yote ni watu wa ng'ombe na maziwa. Chai yao huchemshwa kwa maziwa mengi katika sufuria moja, na wakimbiaji mashuhuri wafanyao mazoezi jirani hapo Kaptagat huinywa warudipo mbioni.

Katika nyumba tuliyokaribishwa, binti wa mwenyeji wetu, msomi wa chuo mjini Eldoret, alituandalia kinywaji ambacho vijana wa mijini hukiita matcha latte. Mama yake alikitazama kikombe, akatikisa kichwa. "Mwanangu, wageni wametoka Mombasa mpaka hapa, nawe wawapa majani ya ng'ombe?" Binti akacheka. "Mama, hiyo ni chai. Na maziwa ni yako ya asubuhi."

Tulimwangalia anavyofanya, na twamweleza msomaji apendaye kujaribu nyumbani. Aliuchuja kwanza unga kwa chujio la chai usifanye madonge, akatwaa kijiko kidogo kimoja, yaani kama gramu 2. Maji aliyaacha yapungue moto, kwani huko juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 93, lakini hata hayo ni makali mno; unga huu wataka kama digrii 80, la sivyo huwa mchungu. Wajapani wana kifagio kidogo cha mwanzi cha kupigia povu. Yeye hakuwa nacho, akatia unga na maji kidogo katika chupa yenye kifuniko, akatikisa mpaka povu likasimama. Kisha akamimina maziwa ya moto yasiyochemka, na asali kidogo. Basi, hakuna uchawi.

Nalo jina lisitutishe. Hiyo "cha" iliyomo ndani ya matcha ni ndugu wa neno letu "chai". Yote mawili asili yake ni Uchina. Matcha maana yake ni chai iliyosagwa, na latte ni maziwa kwa Kitaliano. Kwa hiyo kinachoringiwa mahotelini ni chai ya unga ya maziwa, na sisi twapendekeza iitwe hivyo: chai ya unga.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni na kwamba yatupasa kuyaepuka. Tuwakumbushe yaliyoipata kahawa, ambayo leo bila yake baraza zetu si baraza. Mwaka 1511, huko Makka, msimamizi wa masoko aitwaye Khair Bey aliwakusanya wanazuoni, kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku hayo hayakudumu, na kahawa ikaendelea kunywewa. Mafundisho ya fiqhi yako wazi: asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Kinywaji kisicholevya wala kudhuru hakiharamishwi kwa ugeni wake. La kuchunga ni israfu, maana bei ya kopo la unga huu si ya mchezo, na mtu asijitie deni ili aonekane wa kisasa.

Lakini shabaha yetu leo si kikombe, ni jani. Mti wa chai ya unga ndio mti wa chai yetu. Kusini-magharibi ya Eldoret kuna vilima vya Nandi, vilivyovikwa chai hadi upeo wa macho. Binti wa Ainabkoi akinunua kopo la Kijapani, ananunua jani la jamii ile ile iotayo safari fupi kutoka kwao. Kilichozidi ni nini? Ni kazi na ni jina.

Wajapani huufunika mti usipigwe na jua kwa kiasi cha wiki tatu au zaidi kabla ya kuchuma, jani lizidi ukijani na utamu. Hulipiga mvuke lisigeuke weusi, hulikausha, huliondoa vikonyo na mishipa, kisha hulisaga kwa jiwe polepole, kiasi kwamba jiwe moja hutoa kama gramu 40 tu kwa saa. Juu ya kazi hiyo wameweka adabu na simulizi za karne nyingi, tangu mtawa wao Eisai aliporudi na mbegu kutoka Uchina mwaka 1191. Ndiyo sababu dunia huwafuata. Mwaka 2024 wateja walizidi hata maduka mashuhuri ya Kyoto yakaweka kikomo cha kuuziwa mtu mmoja.

Na sisi je? Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kenya na ya majirani huuzwa hapa hapa mjini kwetu. Nyingi huondoka ikiwa nyeusi, imetiwa magunia, haina jina la kilima wala la mkulima. Hununuliwa na Pakistan, Misri, Uingereza na wengineo, na huko ndiko mara nyingi huchanganywa na kupewa pakiti na jina. Faida ya jina hubaki kwa mwenye jina.

Hapo ndipo tunapobishana na wahenga. Chai yetu ni nzuri, lakini uzuri peke yake haukumtajirisha mchumaji wa Nandi. Hata kizuri hutembezwa. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya chai yenye jani la zambarau. Ni wangapi kati yetu wa Mombasa, Lamu au Malindi waliowahi kuionja? Na wako wakulima na viwanda humu nchini watengenezao chai ya kijani, ila sisi wenyewe hatuiulizi dukani.

Hatusemi kila kiwanda kiige Ujapani; aina za miche na hali ya hewa hutofautiana. Twasema kazi ya kulienzi jani ianze hapa, kwa viwanda kusindika na kutia jina, kwa wafanyabiashara kuleta, na kwetu sisi wanywaji kuuliza.

Mama wa Ainabkoi alikimaliza kikombe chake. Akasema, "Chai kweli. Lakini mbona kopo limetoka mbali hivyo?" Binti hakuwa na jibu. Swali lile si lake peke yake. Ni letu sote.