Tajiri Asiyetaka Kutajwa

Katika parokia nyingi majina ya waliotoa mabati au saruji husomwa kwa sauti baada ya Misa, na asiyesikia lake hununa juma zima. Leo twawaletea habari za mtu aliyewakataza watu wasimtaje.

Charles Feeney alizaliwa mwaka 1931 mjini Elizabeth, huko Marekani, katika jamaa ya Wakatoliki wenye asili ya Ayalandi. Mama yake alikuwa muuguzi. Jirani yao mmoja alikuwa na ugonjwa wa kulegeza viungo. Mama huyo alipomwona akijikokota kwenda kituo cha basi, alitoa motokaa yake akamchukua, akijifanya ana safari ya njia ile ile. Safari hakuwa nayo. Twadhani mtoto aliyaona hayo akayashika.

Baada ya kutumika jeshini alisoma katika Chuo Kikuu cha Cornell, na usiku akiwauzia wanafunzi wenzake mikate yenye nyama ili apate matumizi. Mwaka 1960, pamoja na Robert Miller, alianzisha huko Hong Kong maduka ya Duty Free Shoppers, ambamo wasafiri hununua vileo, manukato na sigara bila ushuru. Mwaka 1964 Japani iliwaruhusu raia wake kwenda ng'ambo kutembea. Wakaja makundi makundi, kila mmoja akitafuta zawadi za kupelekea jamaa zake, na mali ikafurika. Tena tangu mwaka 1980 kampuni yake ya General Atlantic ilitia fedha katika kampuni changa, faida ikazaa faida.

Sasa tuitazame siri yake. Mwaka 1982 alianzisha shirika la kusaidia watu, katika kisiwa cha Bermuda. Mwaka 1984 akalikabidhi karibu mali yake yote, pamoja na sehemu yake ya maduka. Mwaka 1988 gazeti la Forbes lilimhesabu kati ya matajiri wakubwa wa Marekani, kumbe fedha hazikuwa zake tena! Waliosaidiwa walikatazwa kutangaza. Huko Bermuda hesabu hazikulazimishwa kutangazwa, na kodi si nzito: mfanyabiashara ni mfanyabiashara, nasi hatumfanyi mtakatifu. Siri ilifunuka mwaka 1997, maduka yalipouzwa.

Yeye mwenyewe alivaa saa ya bei ndogo, akasafiri daraja la chini katika ndege, akakaa katika nyumba ya kupanga mjini San Francisco. Shirika lake lilitoa dola milioni 8,000 kwa vyuo, hospitali na wagonjwa, katika Marekani, Ayalandi, Vietnam, hata Afrika ya Kusini. Alitaka kutoa akingali hai, aione kazi kwa macho yake. Uzeeni alikubali habari zake ziandikwe kitabuni, ili matajiri wengine wavutwe wafanye vivyo hivyo. Kumbe kunyamaza nako kuna mwisho wake.

Mwaka 2020 fedha zilikwisha, shirika likafungwa. Mwaka 2021 Cornell iliipa barabara moja ya chuo jina lake, akiwa na umri wa miaka 90. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 2023.