Kabla ya kipuri kingine, kumbuka masikio

Mchovya asali hachovyi mara moja. Huko Marekani, wengi wapendao kulenga shabaha huanza na Ruger 10/22, bunduki ndogo ya risasi za .22 iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Mtu hubadilisha kifyatulio, kisha mtutu, halafu kitako na darubini. Mara vipuri vimegharimu kuliko bunduki yenyewe.

Mimi daktari sina ugomvi na anayejiburudisha kwa jasho lake. Neno langu ni moja: masikio yatangulie. Mlio wa bunduki hiyo, ijapokuwa ni ndogo, waweza kukaribia desibeli 140. Chembechembe za sikio la ndani zinazonasa sauti zikifa hazioti tena, wala hakuna duka linalouza vipuri vyake. Vizibo vya sifongo vya kuziba masikio ni bei rahisi mno.

Nawe unayeongeza spika kubwa garini kila mwisho wa mwezi, jiulize: ukishakuwa kiziwi, muziki huo utausikiliza na nani? Nunua kinga kwanza. Mapambo yatangoja.